Koti la suti la mtumba, Gikomba: lisome kwanza, lipa baadaye

"Kamera hiyo, bosi. Haijavaliwa." Utayasikia maneno haya, "kamera" ikiwa mtumba wa daraja la kwanza, mara tu mkono wako ukigusa hanga, na muuzaji atakuwa amekwisha kulifunua koti kifuani ili uione lebo ya ndani. Lebo ndiyo anayoiuza. Lakini kinachokaa mwilini ni bega, kifua na kitambaa, na hivyo vitatu havisomeki kwa kutupa jicho.

Tunachokipima hapa ni koti la suti la mwanamume kama linavyouzwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, pamoja na kazi ya fundi inayofuata. Hatukupima kibanda kimoja, kwa sababu mali hubadilika kila belo, furushi kubwa la mitumba, linapofunguliwa: kibanda kilichokuwa na sufu ya Italia Jumanne kinaweza kuwa na poliesta tupu Ijumaa. Bei nayo haina msimamo. Koti huanzia shilingi mia chache na kupita elfu moja, kutegemea saa uliyofika, lebo, na jinsi ulivyoonyesha hamu. Kwa anayejua anachokitafuta, sioni mahali pengine Nairobi ambapo pesa hizo hupata ushonaji wa kiwango hiki. Asiyejua heri aende Biashara Street, akatiwe kitambaa kipya na ashonewe kwa vipimo vyake, kwa maana koti baya la mtumba haliokolewi na fundi yeyote.

Ili ulisome koti, anza na makovu yake. Kila sehemu ambayo leo inaonekana haina kazi iliwahi kuwa na kazi. Oktoba 1666 Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza kwamba ataanza kuvaa kizibao kirefu chini ya koti, na Samuel Pepys, ofisa wa London, akalitia jambo hilo kwenye shajara yake. Kizibao, koti na suruali, ambayo enzi hizo iliishia magotini, vikawa mavazi ya mwanamume wa heshima. Karne iliyofuata yalijaa darizi na hariri. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, akaja George Brummell, Mwingereza aliyesifika kwa mavazi yake, aliyezaliwa 1778 na kufa 1840 akiwa mkimbizi wa madeni Ufaransa. Yeye alishikilia koti la rangi iliyotulia, lisilo na pambo, ila lililokatwa likakaa sawasawa na mwili. Tangu hapo sifa ya koti ikahama kutoka kwenye mapambo kwenda kwenye mkato. Katikati ya karne hiyo mikia mirefu ikakatwa na koti fupi la kupumzikia likazaliwa. Hilo ndilo linaloning'inia Gikomba.

Mpasuo wa nyuma ni urithi wa mpanda farasi: koti lilipaswa kugawanyika juu ya tandiko. Leo unakusaidia unapokaa kwenye matatu, na huja kutoka kiwandani umefungwa kwa uzi wenye umbo la msalaba. Ukiukuta uzi huo bado upo, huenda muuzaji alisema kweli kwamba koti halijavaliwa. Ukate nyumbani. Lebo ya nje ya mkono, ile ndogo inayotaja jina la kitambaa, nayo ni ya dukani na inatakiwa kutolewa, hata kama nusu ya wanaume wa Moi Avenue wanaiacha kama cheo. Tundu lililo kwenye lapeli ya kushoto, pale watu wanapochomeka ua siku ya harusi, ni kumbukumbu ya ukosi uliokuwa ukifungwa hadi shingoni. Lapeli yenyewe ni kifua cha koti hilo la zamani kilichokunjwa nje. Vifungo vya mkononi vilikuwa vikifunguka. Ile hadithi kwamba Napoleon aliviweka ili askari wasijifute makamasi ni ya vijiweni, usiitegemee. Tundu za vifungo hivyo, hata hivyo, zina athari kwa mfuko wako, na tutazirudia.

Sasa kifua, ambacho ndicho koti lenyewe. Kwenye koti lililoshonwa vizuri kuna tabaka la tatu kati ya kitambaa cha nje na cha ndani: kanvasi iliyofumwa kwa sufu au pamba pamoja na singa za farasi. Singa zikikunjwa hurudi zilivyokuwa. Kanvasi hushikizwa kwa mamia ya mishono midogo iliyolegea, ili matabaka yaweze kuteleza kidogo moja juu ya jingine, na koti kadiri linavyovaliwa hufuata kifua cha mwenyewe. Njia ya pili, iliyoenea viwandani tangu katikati ya karne ya 20, ni gundi: kitambaa chenye chembe za gundi hugandishwa kwa joto nyuma ya kitambaa cha nje. Ni kazi ya haraka na ya bei nafuu, na koti likiwa jipya tofauti haionekani. Inakuja kuonekana baadaye. Pasi kali, maji au draikilini nyingi huifanya gundi iachie mahali mahali, kifua kikatoka malengelenge kama rangi ya ukuta uliolowa. Malengelenge hayo hayana dawa. Fundi anayekuambia atayapiga pasi yarudi anakuuzia wiki moja.

Jaribio lake huchukua nusu dakika. Nenda chini ya kifungo cha mwisho, sentimita tano hivi kutoka ukingoni. Bana kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na kile cha ndani kwa vidole vya mkono mwingine, vitenganishe taratibu huku ukivisugua. Ukihisi kitu cha tatu kinachoelea katikati, umepata kanvasi kamili, na hapo shusha sauti, usionyeshe furaha. Ukihisi tabaka mbili tu, na la nje ni gumu kama jalada la daftari, ni gundi. Rudia kifuani, chini kidogo ya lapeli. Makoti mengi ya bei ya kati yana kanvasi kifuani na gundi chini. Hayo ni mazuri, na ndiyo utakayoyapata mara nyingi zaidi kuliko yale ya kanvasi kamili. Ithibati nyingine ni lapeli. Ya gundi hulala bapa, mkunjo wake mkali kama wa barua. Ya kanvasi hujiviringa polepole ikielekea kifungo, na ukiibonyeza kwa kiganja huinuka yenyewe.

Kwa wenye kupenda kujua umri, ndani ya mfuko wa kifuani wa makoti ya Marekani huwa kuna lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi. Ikiwa na jina la Amalgamated Clothing Workers of America peke yake, koti lilishonwa kabla ya 1976, mwaka chama hicho kilipoungana na kile cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Lebo inayosema West Germany ni ya kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Upana wa lapeli nao unasema. Nyembamba za sentimita tano au sita ni za miaka ya 1960, au za mtindo uliozifufua baada ya 2000. Za sentimita kumi na zaidi, zenye ncha kama mabawa, ni za miaka ya 1970. Bega kubwa lenye sponji nene na kifungo kilichoshuka hadi karibu na kitovu ni la miaka ya 1980. Vifungo vitatu vilivyopanda juu, sema miaka ya 1990. Ukitaka koti litakalopita misimu, tafuta lapeli ya sentimita 8 au 9 na vifungo viwili. Cha chini kiache wazi. Desturi hiyo huhusishwa na Mfalme Edward VII, lakini sababu iliyopo leo ni ya mkato: koti limechongwa lifunguke hapo, na ukikifunga linavuta nyonga.

Bega ndilo litakalokukatalia. Vipimo vingine vingi vina nafasi ya kurekebishwa; bega halina, kwa sababu kulipunguza ni kung'oa mkono, kukata kitambaa, kuchonga sponji upya na kuurudisha mkono bila mikunjo. Wachache wanaiweza kazi hiyo, na malipo yake yatazidi bei ya koti. Simama ubavu kwa ukuta, usogee polepole. Sponji ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Mkono ukigusa kwanza na chini ya bega kuna shimo kama la kidole gumba, ni dogo. Kisha vaa, ufunge kifungo, uangalie shingoni: ukosi ukiachana na ukosi wa shati, weka chini. Wauzaji husema "itakaa tu." Haitakaa.

Ukubwa usiusome kama ulivyozoea. Lebo ya Uingereza au Marekani huandika kifua kwa inchi pamoja na herufi ya urefu, kwa mfano 40R. Ya Italia na Ufaransa huandika 50 kwa mtu huyo huyo. Toa kumi upate ya Kiingereza. Ya Ujerumani huwachanganya watu wengi: 50 ni ya kawaida, 25 ni 50 ya mtu mfupi, na 102 ni 50 ya mtu mrefu. Kwa hiyo lebo ya 25 si koti la mtoto, ingawa ndivyo linavyouzwa wakati mwingine, tena kwa bei ya mtoto. Hata hivyo beba futi yako ya kupimia. Pima kutoka kwapa hadi kwapa koti likiwa limefungwa na kulazwa. Zidisha mara mbili, na matokeo yawe sentimita 8 hadi 12 zaidi ya kifua chako.

Kitambaa kisome kwenye lebo kisha ukithibitishe kwa mkono. Sufu huitwa lana kwa Kiitaliano, laine kwa Kifaransa, Schurwolle kwa Kijerumani. Alama ya Woolmark, ile inayofanana na kifundo cha uzi, ilianza kutumika 1964. Jina la kiwanda cha kitambaa, kama Vitale Barberis Canonico cha Biella, Italia, kinachohesabu umri wake tangu 1663, lina uzito kuliko jina la duka, kwani duka hubadilisha washonaji na kiwanda hulinda ufumaji wake. "Super 100" na namba zinazopanda ni kipimo cha wembamba wa unyuzi. Super 100 haizidi maikroni 18.75, maikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Namba kubwa ni kitambaa laini zaidi, si imara zaidi. Kwa mtu wa kupanda na kushuka matatu, 100 hadi 120 inatosha. 150 itapauka viwikoni mapema. Lebo ikiwa imekatwa, omba ruhusa uchomoe uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uuchome nje ya kibanda. Nje kabisa, tafadhali: soko hilo limeungua mara nyingi mno. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake inajua kuuma, kwa hiyo sufu haina ugeni hapa. Kitambaa cha gramu 240 hadi 280 kwa mita moja ya urefu kinavaliwa mwaka mzima. Tweed, sufu nzito ya Uskoti, ni ya Juni hadi Agosti, asubuhi; saa saba mchana utaibeba mkononi. Ukiona lebo yenye tufe na msalaba juu yake, hiyo ni Harris Tweed, iliyofumwa kwa mkono kwenye visiwa vya Outer Hebrides na kulindwa na sheria ya Uingereza ya 1993. Wauzaji wengi huichukulia kama koti la mzee wa kijijini na kuiachia bei rahisi. Wasisome makala hii.

Kasoro za kukagua kabla ya kutaja bei. Liinue koti mbele ya jua, ndani kukuelekea. Tundu la nondo litapitisha mwanga kama sindano. Moja penye mshono linazibika, matatu kifuani ni kwaheri. Pindua kwapa: bitana, kile kitambaa cha ndani, iliyooza kwa jasho hupasuka ukiivuta kidogo, na alama nyeupe ya chumvi kwenye kitambaa cha nje haitoki. Kubadilisha bitana nzima ni kazi ya siku nzima na zaidi. Angalia viwiko kwa pembeni: mng'ao ni nyuzi zilizosagwa na pasi au meza, na hauondoki. Nusa ndani ya mifuko. Harufu ya naftalini itaondoka kwa upepo wa siku chache, ya ukungu ni ya kubishana nayo kwa muda mrefu. Mifuko ya nje ikiwa imeshonwa midomo, usidhani ni ya uongo: hufungwa kiwandani ili koti lisiharibike umbo, na huachiliwa kwa ncha ya wembe.

Suti kamili ni nadra. Makoti na longi, yaani suruali, mara nyingi hupangwa belo tofauti, kwa hiyo jozi huachana njiani. Usijaribu kuoanisha koti la bluu nyeusi na longi "inayokaribiana". Chini ya jua la saa sita watu wataiona tofauti kabla yako. Vaa longi ya kijivu na ukubali kwamba ni vitu viwili. Ukipata longi ya sufu, kagua mshono wa makalioni: za zamani huacha akiba ya kitambaa ya sentimita tatu au nne, na kiuno kinaachiwa vizuri. Pindo lililokunjwa nje lina akiba pia. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku pindo hizo ili kuokoa kitambaa, na wanaume wakaagiza longi ndefu kupita miguu yao ili wakunje wenyewe nyumbani.

Kazi ya fundi, basi. Inayowezekana na yenye thamani ni kupunguza kiuno cha koti kwa mishono ya ubavuni au ya mgongoni, kufupisha mikono na kubadilisha vifungo. Kiuno kisipunguzwe zaidi ya sentimita tano kwa jumla, la sivyo mifuko ya mbele itaanza kukimbilia mgongoni. Mkono uishie pale shati linapoonyesha sentimita moja au moja na nusu. Hapa ndipo zile tundu za vifungo zinaporudi: kama ni za kweli, zimekatwa na kufunguka, mkono haufupishwi kutoka chini. Ni lazima ufupishwe kutoka begani, kwa bei ya kazi ya bega. Makoti mengi yana tundu za uongo, uzi mtupu juu ya kitambaa, na kwa mnunuzi wa mtumba hizo ndizo bora. Urefu wa koti uachwe. Ukikata zaidi ya sentimita mbili mifuko inakaribia pindo na koti linaonekana limeazimwa.

Mwambie fundi mambo matatu kabla hajashika mkasi: asikate akiba ya ndani ya mshono, aikunje tu, asitumie pasi kavu juu ya sufu, asifungue bitana mahali pasipohitajika. Hilo la kwanza hupuuzwa mno. Fundi aliyezoea sare za shule hupunguza na kukata palepale, na siku utakaponenepa hakuna cha kuachia. Dai jaribio koti likiwa limeshikizwa kwa uzi mweupe, kabla ya cherehani. Akisema hana muda huo, mwingine atakuwa nao.

Kwa mwanamume anayetaka Kaunda suti, Gikomba haitamfaa. Koti hilo lilipewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kutoka 1964 hadi 1991, na ingawa Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alilipiga marufuku ndani ya Bunge la Taifa, mafundi wa jiji wanaendelea kulishona kwa kasi. Halina tai wala lapeli kubwa ya kuficha makosa, kwa hiyo shingo na bega lazima vitokane na mwili wa mvaaji mwenyewe. Hilo ni la kushonewa, na linastahili makala yake.

Ukifika nyumbani na koti la sufu, usilitumbukize kwenye beseni la sabuni. Lipige brashi, litundike kivulini lipate upepo, kisha lipeleke draikilini mara moja. Ukishuku mayai ya nondo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Nondo wazima si tatizo, buu ndiye mla sufu. Pasi ipite juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu, kwa kubonyeza na kuinua, bila kusukuma. Pasi ya makaa isikaribie lapeli. Na hanga iwe nene mabegani: ya waya, ile unayopewa bure na koti, itatoboa umbo la bega ndani ya miezi michache.